Mficha Uchi Hazai: Mazungumzo Kuhusu Tiba kwa Vitendo Uingereza

Haya niliyasema Jumamosi moja mchana mjini Leicester, mbele ya Waswahili wa huko. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa zamu siku hiyo.

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu mliosimama kule nyuma, jambo, njooni mbele, viti vipo. Nawaona pia wazee wetu wa Kihindi waliokulia Mombasa na Kampala, ambao Kiswahili chao kinawaaibisha vijana wetu waliozaliwa hapa. Karibuni wote.

Kamati imeniomba nieleze kazi yangu, tiba kwa vitendo. Hapa Uingereza kila mtu anaiita OT, kifupi cha occupational therapy, na mtaalamu wake naye huitwa OT, na mimi nitaiita hivyo hivyo ili mkipiga simu msipotee. Nimepewa nusu saa. Sehemu kubwa nitaitumia kwa jambo moja: huduma hii ipo, mnaistahili, na wengi wetu tunaikosa siku ile ile mtaalamu anapokuja nyumbani, kwa sababu ya adabu zetu nzuri. Dakika zitakazobaki nitawapa wale wanaotaka kuisomea.

Kwanza kazi yenyewe. Daktari atakuuliza unaumwa wapi. Mtu wa fizio atatazama goti linakunjika kiasi gani. OT atakuuliza asubuhi umetokaje kitandani, umeingiaje bafuni, vifungo vya shati nani kakufunga, chai nani kaipika, na kwa nini siku hizi huonekani msikitini au kanisani. Kisha atatafuta njia. Pengine atakufundisha upya kufanya jambo ulilokuwa ukilifanya kabla ya kiharusi. Pengine atakuletea kifaa. Pengine ataona ni nyumba ndiyo inayotakiwa kubadilika. Utamkuta wodini, kwenye kliniki za mikono, shuleni na watoto wenye usonji, kwenye huduma za afya ya akili, hata magerezani.

Na ni kwenye afya ya akili ndiko kazi hii ilikoanzia hapa. Mwaka 1925 Margaret Barr Fulton, aliyesomea Philadelphia, aliajiriwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Aberdeen, Uskochi, akawa OT wa kwanza mwenye taaluma hiyo kufanya kazi nchi hii. Mwaka 1930 Dk. Elizabeth Casson akafungua Dorset House mjini Bristol, shule ya kwanza ya fani hii Uingereza. Leo mrithi wake ni Chuo Kikuu cha Oxford Brookes. Casson alisimulia jinsi wagonjwa wa wodini kwake walivyokuwa wakishinda wamekaa tu, hawana la kufanya, hadi asubuhi moja alipoingia akakuta wodi imechangamka: wameanza kutengeneza mapambo ya Krismasi. Mwekeni akilini mama huyo, nitamrudia.

Sasa utampataje OT.

Ukiwa umelazwa, yumo humo humo. Kabla hujaruhusiwa, muulize nesi kama OT ameshakuona. Usikubali kurudishwa kwenye nyumba ambayo choo kiko juu, bila mtu yeyote kuuliza utapandaje. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mwongozo wa mwaka 2023 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unapendekeza angalau saa 3 za tiba ya kurejesha uwezo kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa yule anayezihitaji, na kazi ya OT imo ndani ya saa hizo. Hospitali nyingi hazifikii hapo, nisiwadanganye. Lakini ukikijua kiwango, unajua la kuuliza.

Ukiwa nyumbani, mlango mkubwa ni kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na huu ndio ambao watu wetu hawaujui. Wengi wanakaa kusubiri GP, daktari wao wa mtaani, awaandikie barua. Hakuna haja. Unapiga simu wewe mwenyewe, unaomba idara ya adult social care, ya matunzo ya watu wazima, unasema unataka tathmini ya OT. Sheria inayoitwa Care Act ya mwaka 2014, ambayo ni ya England, inailazimisha kaunsili kumfanyia tathmini mtu mzima yeyote anayeonekana huenda anahitaji matunzo au msaada, bila kuanza kwa kumpekua mfukoni. Na binti anayemuuguza mama yake ana haki ya tathmini yake mwenyewe, kama mtunzaji. Hili la pili hata wafanyakazi wa kaunsili wakati mwingine hulisahau, kwa hiyo likumbusheni kwa upole.

Ila hapa kwetu kuna kamtego. Mkazi wa mjini anapiga Leicester City Council, na kila kitu kiko chini ya paa moja. Mkazi wa Oadby au Wigston, ambaye naye akiulizwa anasema anakaa Leicester, OT wake anatoka Leicestershire County Council, lakini ruzuku ya kurekebisha nyumba inasimamiwa na kaunsili ya wilaya. Nimeona watu wakizungushwa baina ya ofisi mbili kwa sababu hawakujua kwamba ni mbili. Angalieni ile bili ya council tax, jina la kaunsili zenu limeandikwa pale juu.

Gharama. Vifaa vya kusaidia nyumbani, pamoja na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000, ukishaonekana unayahitaji hulipi kitu, uwe tajiri au maskini. Hapo ndipo vinaingia vyuma vya kushikilia ukutani, ubao wa kukalia juu ya bafu, kiti kirefu cha kukalia jikoni, kinyanyuzi cha choo, reli ya pili ya ngazi. Ukitoka hospitali ukiwa dhaifu, ipo huduma ya kukurudisha kwenye hali yako, ya hadi wiki 6 bila malipo. Kazi kubwa, kama bafu la kuingia bila kuvuka ukingo, kiti cha umeme cha kupandia ngazi, au milango ya kupitisha kiti cha magurudumu, ina ruzuku yake, Disabled Facilities Grant. Kwa England inafika pauni 30,000, Wales 36,000; Ireland ya Kaskazini wana kiwango chao, na Uskochi wana utaratibu wao. Kwa mtu mzima wataangalia kipato na akiba. Kwa mtoto chini ya miaka 18 kipato cha wazazi hakiangaliwi. Mpangaji anaweza kuomba, si lazima uwe na nyumba, ila mwenye nyumba lazima akubali. Ombi likikamilika, kaunsili ina miezi 6 ya kutoa jibu.

Na tafadhali, tafadhali, msianze ujenzi kabla ya idhini. Nazijua familia zetu. Jumapili anaitwa fundi wa nyumbani, kijana mzuri, bei nafuu, bafu linavunjwa, jioni watu wanakula pilau. Jumatatu wanaomba ruzuku. Imekwisha hiyo. Kazi iliyoanza kabla ya kupitishwa hailipwi.

Foleni ni ndefu. Kuna kaunsili ambako mtu husubiri miezi. Kinachokupandisha kwenye foleni ni hatari: umeanguka mara ngapi, umeanguka wapi, nani alikuokota, mtunzaji wako mgongo unamuuma kiasi gani. Hali ikibadilika wakati unasubiri, piga tena uwaambie. Ukiona umetupwa, lalamika kwa maandishi kwa kaunsili, na usiporidhika yupo Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko, ambaye humlipi. Kulalamika kwa maandishi si ugomvi. Hapa ni jambo la kawaida kabisa.

Kuna woga mwingine, nimeuona machoni mwa baadhi yenu tangu nilipotaja kaunsili. Makaratasi. "Viza yangu imeandikwa nisiguse public funds, nikimwita OT si nitaharibu?" Public funds ni orodha ya misaada ya serikali iliyoandikwa kwenye kanuni za uhamiaji: posho kama Universal Credit na PIP, nyumba za kaunsili na mengine ya namna hiyo. Matibabu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, hayamo, wala matunzo ya adult social care hayamo. Mnaotoa ile pauni 1,035 ya afya kwa kila mwaka wa viza, hospitali mmeshailipia. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri, NHS haimtozi. Yule ambaye hana kibali kabisa ana vikwazo zaidi kisheria, na huyo namshauri apite kwanza Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au kituo cha sheria, asipige simu peke yake kwa kubahatisha.

Haya. Sasa lililonileta.

OT anabisha hodi. Nyumba imesuguliwa tangu alfajiri, udi umefukizwa, mama amevaa kanga mpya, sambusa ziko mezani. Mgeni anauliza, unaweza kuoga mwenyewe? Mama anasema, "Alhamdulillahi, naoga." Ngazi unapanda? "Napanda, namshukuru Mungu." Unapika? "Napika, kwa nini nisipike?" Mgeni anaandika: anaoga, anapanda, anapika. Anakunywa chai yake, anaaga, na faili linafungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mama anaoga siku ambazo binti hayuko zamu tu, tena akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kwamba ngazi anazipanda kwa magoti na kuzishuka kwa makalio. Kwamba kupika kwenyewe ni kukaa kitini akimwelekeza mjukuu lini atie chumvi.

Simlaumu mama. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu akiulizwa hali akaanza kutaja shida zake moja moja, anaonekana hana shukrani, na habari za chooni hazisemwi mbele ya mgeni, sembuse mgeni mwenyewe akiwa na umri wa mjukuu wako. Wanaume ndio wamezidi. Mzee aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa hadi Kigali atakufa kabla hajakiri kwamba soksi anavishwa. Lakini wahenga hao hao waliotufunza staha walisema mficha uchi hazai, na OT hakuja kukujulia hali. Amekuja na fomu, na kwenye ile fomu maneno yako yanaingia kama ulivyoyasema.

Tena sheria yenyewe iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Kanuni za mwaka 2014 za vigezo vya kupata msaada, zilizo chini ya ile Care Act, zinasema mtu anahesabiwa kuwa hawezi jambo hata kama analifanya, ikiwa analifanya kwa maumivu makali au kwa dhiki na wasiwasi mkubwa, ikiwa kulifanya kunahatarisha afya au usalama wake au wa mwingine, au ikiwa linamchukua muda mrefu kupita kawaida. Someni tena hapo. Anayepanda ngazi kwa magoti, kwa mujibu wa kanuni, hawezi kupanda ngazi. Yametajwa mambo 10 ya maisha: kula, usafi wa mwili, choo, kuvaa, usalama nyumbani, kuitunza nyumba, kuwa na watu wako, kazi au masomo, kutoka kwenda kwenye huduma za mtaani, na kulea mtoto. Ukishindwa mawili tu kwa maana hiyo niliyoitaja, kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, na ustawi wako ukaathirika sana, umefikia kigezo.

Kwa hiyo siku ya tathmini, udi fukizeni, sambusa wekeni, lakini ile ndoo iacheni bafuni ionekane. Wiki moja kabla, mtu aandike kila siku ilivyokwenda, hasa siku mbaya, maana siku ya mgeni wazee wetu huwa wazima kama chuma na usiku wake hawalali kwa maumivu. Akikuambia umwonyeshe unavyoinuka kitini, inuka kama unavyoinuka kila siku. Na ninyi watoto wao, msijibu kwa niaba yao, na msiwakatishe wanapoanza kusema.

Lugha isiwe kikwazo. Mkalimani wa NHS ni bure, mnapaswa kumwomba mapema, na kwenye tathmini ya kaunsili pia ombeni. Semeni ni Kiswahili cha wapi, kwa sababu mama wa Uvira akiletewa mkalimani wa Unguja wote wawili watatoka jasho, na Mbarawa asione haya kusema kwake ni Chimiini. Lakini mtoto asiwe mkalimani. Kijana wa miaka 14 atatafsiri vipi kwamba mama yake hawezi kuzuia mkojo? Hatatafsiri. Atasema, "She's fine," mambo yaishe.

Jambo jingine kwenye tathmini, na hili nalipenda kwa sababu ndilo linaloifanya kazi yetu iwe na maana. Mwambieni OT maisha yenu hasa yalivyo, kwa sababu hawezi kuyakisia. Hospitalini kuna jiko dogo la majaribio, na tangu zamani mgonjwa huambiwa atengeneze chai na tosti. Sasa mpe jaribio hilo mzee wa Lubumbashi ambaye maisha yake yote hajabanika mkate. Akisimama mbele ya kile kibaniko anashangaa, ataonekana fahamu zimepungua. Naye mwenzake aliyepooza mkono mmoja atatengeneza chai vizuri sana, aandikiwe amefaulu, arudi nyumbani ashindwe kupika ugali, kwa sababu ugali unataka mkono wa kushika sufuria na mkono wa kusonga, na bega lenye nguvu. Kipo kishikio kinachoizuia sufuria isizunguke kwenye jiko. Ni kitu cha bei ndogo. Lakini hakuna atakayekileta kama hujasema neno ugali.

Vivyo hivyo udhu. Mtu anayenyanyua mguu kuutia kwenye sinki mara tano kwa siku, akiwa na nyonga mpya, yuko hatarini kuliko anayepanda basi, na fomu haina kisanduku cha udhu. Sema. Kuna kiti cha kukalia, kuna mpira wa bomba wa mkononi, na baada ya upasuaji wa nyonga OT na mtu wa fizio watakuambia namna ya kusali bila kuinama kupita kiasi. Choo: kile kinyanyuzi cha plastiki kinasaidia magoti, lakini kwa sisi tunaotawaza kwa maji, baadhi yake havina nafasi ya kupitisha mkono na kopo. Vipo vilivyokatwa mbele. Vipo hata vyoo vinavyoosha na kukausha vyenyewe, na ruzuku ile niliyoitaja huweza kuvilipia pale hitaji linapothibitishwa. Anayekula amekaa mkekani aseme. Anayelala kwenye godoro la chini aseme. Mama anayesuka nywele za wajukuu na sasa vidole vimekaza kwa baridi yabisi aseme pia, maana kusuka nako ni kazi yetu OT, wala si anasa.

Watoto nitawapitia haraka, kwa sababu tumekubaliana kamati itawaandalia siku yao. Nasema moja tu. Mwenye mtoto ambaye hajakaa, hashiki kijiko, au anapiga kelele akivalishwa nguo, amwambie health visitor, yule nesi anayefuatilia watoto wadogo, au GP au shule, asisubiri na asimfiche chumbani wageni wakija. Kwa England mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia kaunsili kuomba EHCP, ule mpango wa elimu, afya na matunzo. Kaunsili ina wiki 6 kusema kama itamtathmini, na wiki 20 kwa mchakato mzima. Tiba ya OT ikiandikwa ndani ya mpango huo kama sehemu ya elimu yake, kaunsili inabanwa kisheria kuitoa. Ikikataa, kuna baraza la rufaa.

Nageukia waliokuja kwa ajili ya masomo.

Karibu nusu ya ukumbi huu ni makea, wahudumu wa matunzo. Mimi nilianzia huko huko, nyumba ya wazee, zamu za usiku. Mnajua kumgeuza mgonjwa, mnajua hoist, ile mashine ya kumnyanyua mtu, mnajua namna ya kumshawishi mtu mwenye ugonjwa wa kusahau avae koti. Huo ni mtaji mkubwa kuliko mnavyojipa, na vyuo vinautafuta. Wapo wanaoniambia umri umekwenda. Yule Elizabeth Casson alizaliwa mwaka 1881, akafanya kwanza kazi kwa Octavia Hill, yule mama wa nyumba za maskini wa London, na alipoingia kusomea udaktari Bristol alikuwa ameshavuka miaka 30. Hakuna wa kuniambia umri.

Ili uitwe occupational therapist hapa lazima uwe kwenye rejista ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na jina hilo linalindwa na sheria. Rejista iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuitazama, na nawashauri muitazame kabla hamjamlipa OT wa binafsi. Kuingia humo unahitaji shahada iliyoidhinishwa: kwa kawaida miaka 3 England, miaka 4 Uskochi, au miaka 2 ya uzamili kama una shahada nyingine. Ndani yake kuna angalau saa 1,000 za mafunzo kazini. Hizo saa ndizo zinazowaumiza wenye familia, kwa sababu unaweza kupangiwa mji mwingine na kuanza saa mbili asubuhi, na ile kazi ya zamu uliyokuwa ukijikimu nayo inabanwa. Jipangeni na hilo kabla ya lolote. Karibu na hapa kozi ziko Northampton, Coventry na Derby.

Huna vyeti vya sekondari vya hapa? Wapo wengi. Ipo Access to Higher Education Diploma, ambayo vyuo vya mitaa vinaifundisha, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Ulizeni chuo kikuu kwanza kama kinaikubali ile mnayotaka kuifanya, na kama kinataka GCSE, mtihani wa sekondari wa hapa, ya Kiingereza na hesabu.

Pesa. Kwa mkazi mwenye haki ya mkopo wa wanafunzi, ada England mwaka 2025 ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka, na mkopo unailipa. Juu yake NHS Learning Support Fund inatoa pauni 5,000 kwa mwaka ambazo hazirudishwi, na mwenye mtoto anaweza kupata 2,000 zaidi. Mwenye shahada ya kwanza ya Dar au Nairobi kwa kawaida angenyimwa mkopo wa kusomea shahada nyingine kama hiyo, lakini kwa OT wameweka ruhusa maalumu. Wengi hawalijui hilo, wanakata tamaa bure. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi anahesabiwa mkazi. Mwenye viza ya kazi kwa kawaida anatozwa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa, na hapo sina maneno matamu ya kumpa.

Najua wapo humu wanaokwepa mkopo kwa sababu ya riba. Sheria ya mwaka 2017 ilitoa nafasi ya kuanzishwa mkopo usio na riba, na mpaka ninavyozungumza haujaanza. Kwao, na kwa wote wanaohitaji mshahara wakati wanasoma, njia nzuri ni uanagenzi wa shahada: unaajiriwa na hospitali au kaunsili, ada unalipiwa, unasoma huku ukilipwa. Nafasi ni chache na hutangazwa kama kazi nyingine kwenye tovuti ya NHS Jobs, mara nyingi kwa watu ambao tayari ni wasaidizi wa OT. Kwa hiyo kea mwenye akili ataomba kwanza kazi ya usaidizi wa OT. Wakishakujua wewe, siku nafasi ikitoka jina lako liko midomoni mwao. Ukihitimu unaanzia Bendi ya 5 ya mishahara ya NHS, ambayo mwaka 2025 ilianza na pauni 31,049 kwa mwaka. Utajiri si huo, lakini mgongo unapumzika. Na tafuteni leseni ya udereva ya hapa, kwa sababu OT wa mtaani anazunguka nyumba za watu na vifaa kwenye buti.

Waliosomea nyumbani, KMTC Kenya, KCMC Moshi au Kigali, wanaomba HCPC moja kwa moja. Kila faili linapimwa kivyake, masomo pamoja na uzoefu, kwa hiyo msimsikilize anayewaambia diploma haifai, wala anayewaahidi kwamba lazima mtapita. Kama lugha inatakiwa kuthibitishwa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni wastani wa 7.0 na hakuna kipengele chini ya 6.5. Tahadhari kwa ndugu zenu walioko nyumbani: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, na waajiri wa hapa wameagizwa wasiende kuwinda watu huko. Kenya ni kwa makubaliano ya serikali na serikali tu. Mtu binafsi hakatazwi kuomba kazi mwenyewe, lakini wakala anayetangaza WhatsApp kwamba anakusanya ma-OT Arusha, lete ada ya usajili, huyo ni tapeli. Maadili ya uajiri ya hapa hayaruhusu kumtoza mtafuta kazi hata senti.

Nilipomaliza, mama mmoja wa Lamu alisubiri watu wapungue ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama lazima avue nguo mbele ya huyo OT ili aonyeshe anavyooga. Nimemwomba ruhusa ya kujibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Si lazima, mama. Tathmini ya bafu hufanywa sana na mtu akiwa na nguo zake zote: unaingia, unaonyesha unavyovuka ukingo, unavyokaa, unavyoinuka, bomba likiwa limefungwa. Unaweza kuomba OT mwanamke unapopiga simu ya kwanza. Hawaahidi, lakini hujitahidi, na ukilisema mapema ni rahisi zaidi kuliko siku yenyewe. Na unaweza kuwa na binti yako, au dada, au jirani, kando yako muda wote.